Kupiga Windows upya hakutibu draiva ya kadi

Swali: Habari za kazi fundi. Nina studio ndogo ya kuediti video za harusi hapa Ngamiani, Tanga. Desktop yangu ni Windows 10, kadi ya picha ni GeForce GT 730 ya mtumba. Nikiwa naediti skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu inarudi, siku nyingine inatoka bluu imeandikwa VIDEO_TDR_FAILURE na hapohapo jina nvlddmkm.sys. Fundi wa mtaani ameshapiga Windows mara tatu mwezi huu, inakaa vizuri siku mbili inaanza tena. Sasa anataka kupiga ya nne na kuweka programu ya kuapdeti draiva zote. Nimkubalie?

Jibu: Usimkubalie dada yangu. Mwambie aiache mashine kama ilivyo kwanza.

Hiyo "inakaa vizuri siku mbili" ndiyo inayowapoteza watu, na mimi naikuta mezani kwangu karibu kila wiki. Windows ikishapigwa upya inaanza bila draiva ya NVIDIA (programu ya waliotengeneza chipu ya kadi, inayoiwezesha Windows kuzungumza nayo), inatumia ile ya kushikizia inayoitwa Microsoft Basic Display Adapter, yaani kadi inapitisha picha tu kwenda kwenye skrini na kazi yote ya kuchora anaibeba prosesa, mashine inakuwa nzito kidogo lakini haigandi kwa sababu kadi yenyewe haijaguswa. Ukiunganisha bando Windows Update inashusha draiva kimyakimya, mara nyingi ni ileile ya mwanzo, unafungua programu yako ya kuediti, kadi inapewa mzigo, haoo umerudi kulekule. Hapo hakuna kilichotengenezwa, na hela imeshalipwa mara tatu.

Halafu hili la nvlddmkm.sys. Ndilo faili la draiva ya NVIDIA, kwa hiyo kila mtu akiliona anasema draiva mbovu. Sio lazima. Windows inaipa kadi sekunde 2 ijibu, isipojibu inaireseti, ndiyo ule weusi unaouona halafu picha inarudi. Kureseti kukishindikana ndipo inatoka bluu. Draiva inatajwa kwa sababu yenyewe ndiyo iliyokuwa inazungumza na kadi, ila kadi inaweza kunyamaza kwa sababu ya draiva isiyo yake, au joto, au pawa saplai iliyochoka, au memori ya kadi inakufa.

Kwa kadi yako mi ningeanza na draiva, maana GT 730 ziko za aina mbili zenye jina lilelile na hapo wengi wanaumia. Shusha GPU-Z, ni programu ya bure ya kusoma taarifa za kadi, ifungue uangalie mstari ulioandikwa GPU. Ukikuta GF108 hiyo ni kizazi cha zamani kinachoitwa Fermi, draiva yake ya mwisho ni 391.35 ya mwaka 2018, usihangaike kutafuta mpya zaidi, hakuna, na ukilazimisha installer itakwambia haijaona kadi inayoendana. Ukikuta GK208 hiyo ni Kepler, kizazi kilichofuata, draiva zako ni za tawi la 470. Zote zichukue NVIDIA wenyewe, sio kwenye flashi ya mtu.

Draiva ukishaishusha pamoja na DDU (Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva za kadi), chomoa intaneti kabisa, usisahau hapo maana Windows Update itakuwahi. Ingia Safe Mode, yaani Windows inawaka na vitu vya lazima tu, DDU ifute mabaki yote ya NVIDIA, washa kawaida, weka draiva yako, ndipo urudishe intaneti. Na kwenye Device installation settings chagua No, isije ikakubadilishia tena usiku.

Ikiganda hata baada ya hapo basi acha habari za draiva, fungua boksi. Sisi tunakaa na upepo wa chumvi, vumbi la hapa halikai kavu likapulizwa likatoka, linashika unyevu linagandamana. Juzi nimefungua mashine ya Chumbageni, chini ya kifeni cha kadi vumbi limekuwa kama kipande cha blanketi, nimelitoa na kibano limekuja zima na alama za mapezi ya hiti sinki zimejichora, kifeni ukikisukuma na kidole kinazunguka nusu kinasimama. Huyo naye alikuwa ameshapigiwa Windows mara nne. Kwako fungua upande wa Sensors kwenye GPU-Z wakati unaediti, joto likivuka 90 ndipo inaganda, basi ni feni na pesti (ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na hiti sinki), na pesti ni kazi ya dakika ishirini.

Sasa hizi programu za kuapdeti draiva zote kwa kubofya mara moja, jamani, naomba mtu asiniletee tena mashine iliyopita huko. Shida iko kwenye kadi, yenyewe inakwenda kubadilisha draiva ya sauti, ya mtandao, ya chipseti, vitu vilivyokuwa vizima, kesho sauti haipo na hujui uanzie wapi. Kuna na hawa wanaopasha kadi kwa hita au kuiweka kwenye oven, inaamka siku chache inakufa moja kwa moja, na aliyeipasha simu hapokei.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kule kupiga Windows bila kuuliza. Una harusi za watu humo ndani, bibi harusi hawezi kuvaa tena shela ukamrekodi upya, kwa hiyo kabla mtu hajaigusa kopi folda zote kwenye hard disk ya nje. Na kila ikipigwa upya kumbukumbu za hitilafu nazo zinafutika, anayekuja nyuma hana pa kusoma. Wewe na wengine wenye shida hii, fundi akifika mwambie aandike perfmon /rel pale kwenye utafutaji, itafunguka kalenda yenye alama nyekundu siku mashine ilipoganda na siku draiva ilipoingia, akuonyeshe zipi zimeanza kwanza. Akisema hiyo haina kazi, tupige tu Windows, mpe nauli yake arudi.