Dhania kutoa maua mapema wakati wa kaskazi

Dada, umeuliza kwa nini dhania uliyopanda Januari hapo Malindi imetoa maua kabla hujachuma hata fungu moja. Ni joto la kaskazi. Likizidi, dhania hukimbilia kuzaa. Iache ikauke uvune mbegu. Panda tena Juni au Julai, kusi limeshapoza hewa na mvua kubwa za masika zimepungua. Punje ziponde taratibu zipasuke mbili, ziloweke usiku kucha, kisha zisie palepale zitakapokulia, maana dhania haipendi kabisa kuhamishwa. Jua la mchana likinge kwa makuti. Na maji ya kisima yaonje kwanza: yakiwa ya chumvi huunguza ncha za majani. Kwa sasa panda mchicha, huo joto unalistahimili.