Mboga za shule kutoka kwa wakulima wa jirani

Mwalimu, umeuliza utawezaje kuwalisha wanafunzi 300 mboga za wakulima wa jirani bila kukwama katikati ya muhula. Anza na mizani kabla ya mkataba. Gramu 80 kwa kila mtoto kwa mlo mmoja ni kilo 24 zilizokwisha kuchambuliwa. Mboga za majani zikipoteza robo kwenye mashina na majani mabovu, agiza kilo 32.

Kinachokwamisha zaidi ni kalenda. Mkulima akipanda zote siku moja, zitakomaa pamoja: wiki hii zinawaozea, wiki ijayo sufuria tupu. Mpe tarehe za kufungua na kufunga shule kabla hajasia mbegu, kisha apande kwa mafungu kila baada ya wiki 2. Tafuta wakulima wawili au watatu, maana wadudu hawapigi hodi.

Zivunwe alfajiri, ziletwe kwenye kreti zenye matundu. Zikishindiliwa kwenye gunia hupata joto na kunyauka. Pimeni getini, wewe na mkulima, na wote wawili mtie sahihi. Shule ikilipa mwisho wa mwezi, mwambie mapema. Mkulima mdogo akicheleweshewa hela atauza sokoni, wala hana kosa.