Anameza vidonge vya chuma, mbona damu haipandi?

SWALI: Najiandaa kujitolea Odisha, India, kati ya wanawake vibarua wa mashamba ya mpunga. Naambiwa wanapewa bure vidonge vya madini ya chuma, lakini wakipimwa damu bado iko chini. Kasoro iko wapi?

JIBU: Tazama dozi kwanza. Chini ya Anemia Mukt Bharat, mpango wa serikali ya India wa kupambana na upungufu wa damu ulioanza 2018, mwanamke asiye na mimba wala hanyonyeshi hupata kidonge kimoja kwa wiki: miligramu 60 za chuma na mikrogramu 500 za asidi ya foliki. Hiyo ni kinga. Ambaye hemoglobini yake (protini ya damu inayobeba oksijeni) imeshuka chini ya gramu 12 kwa desilita anahitaji tiba ya kila siku, kwa miezi, na kupimwa tena. Wa namna hiyo si wachache: upimaji wa kitaifa wa 2019–21 ulikuta 57% ya wanawake wa miaka 15–49 wana upungufu wa damu.

Pili, uliza chai anakunywa saa ngapi. Taneni ya chai hukamata chuma tumboni kabla hakijafyonzwa. Apishe saa moja au mbili kati ya chai na mlo au kidonge. Mjamzito hupewa na vidonge vya kalisi. Akivimeza pamoja na vya chuma, ufyonzaji unapungua. Aviachanishe kwa saa mbili.

Wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa kuogopa kinyesi cheusi. Mwambie mapema kwamba weusi huo ni wa chuma, hauna madhara, na kwamba kumeza usiku baada ya kula hupunguza kichefuchefu.

Chakula sasa. Sheria ya India ya usalama wa chakula ya 2013 inazipa kaya nyingi maskini kilo 5 za nafaka kwa kila mtu kwa mwezi. Tumbo linajaa, ila wali una chuma kidogo, na katika nyumba nyingi mama hula wa mwisho, mchuzi wa dengu ukiwa umebaki maji. (Hilo lizungumze na mume na mama mkwe pia, si na yeye peke yake.) Choroko ziloweke usiku kucha, zifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu hadi zichipue, zipikwe, kisha zikamuliwe ndimu mezani, vitamini C hurahisisha ufyonzaji wa chuma cha mimea.

Usisahau miguu. Viluwiluwi (minyoo michanga) vya safura hupenya ngozi ya anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, na minyoo hiyo hunyonya damu utumboni. Albendazoli ya miligramu 400, dozi moja, huiondoa kwa kiasi kikubwa, ila isitolewe katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba.