Picha ya kamera haifiki kwenye simu? Ruta iache mwisho

Swali linalonifikia mara nyingi kuhusu kamera za kompyuta huja kwa sura ileile. Programu ya kurusha picha ya kamera imesakinishwa, picha inaonekana safi kwenye kompyuta yenyewe, lakini mtu akitoka nje na kufungua simu haoni kitu zaidi ya duara linalozunguka. Na karibu kila anayeniuliza huwa ameshaingia kwenye ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, kafungua poti (milango ya namba ambayo mawasiliano hupitia) tatu nne, kabadilisha mipangilio huku na kule, na sasa hata mwenyewe hakumbuki alichogusa.

Ruta mimi huigusa mwisho, na siku hizi mara nyingi siigusi kabisa. Picha inasafiri kwa vipande: kutoka kwenye kamera hadi kwenye programu, kutoka kwenye programu hadi kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kisha nje kwenye intaneti, ndipo ifike kwenye simu. Kila kipande kinapimika peke yake. Ukiona picha kwenye kipande kimoja, kiache, nenda kinachofuata, na usirudi nyuma kukitilia shaka.

Kipande cha kwanza hakina mengi. Kama programu yenyewe haioni kamera, funga kwanza kila kitu kinachoweza kuwa kimeishika: programu ya mikutano, kichupo cha kivinjari kilichosahaulika, hata programu ya kamera iliyokuja na kompyuta. Kwa kawaida kamera ya USB hutumiwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Ya pili huambulia skrini nyeusi au ujumbe kwamba kifaa kina shughuli. Kwenye Windows 10 na 11 angalia pia mipangilio ya faragha, sehemu ya kamera, maana kuna swichi ya kuruhusu programu za kawaida za kompyuta ambayo ikiwa imezimwa kamera inakuwa kama haipo.

Simu na kompyuta kwenye Wi-Fi moja

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo pa kutulia.

Programu nyingi zikianza kurusha hukuonyesha kiungo kama http://localhost:8081 au http://127.0.0.1:8081. Ukikibofya kwenye kompyuta, picha hiyo. Ukikituma kwenye simu, hakuna kitu. Sababu ni kwamba anwani hiyo maana yake ni "mimi mwenyewe": simu ikiifungua inajitafuta yenyewe, haiitafuti kompyuta yako. Unachohitaji ni anwani ambayo ruta imeipa kompyuta. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, usome mstari wa IPv4. Kwenye Linux andika ip addr. Mara nyingi itaanza na 192.168, au na 10. Ukipata tuseme 192.168.1.23, kwenye simu andika http://192.168.1.23:8081, pamoja na hiyo http:// yake mwanzoni. Usiiache. Vivinjari vya simu hupenda kujaribu https vyenyewe, au kuichukulia anwani kama neno la kutafuta, halafu vinakuambia tovuti haipatikani ilhali kompyuta haijaulizwa chochote.

Kabla ya kubofya, zima data za simu na ubaki na Wi-Fi peke yake. Hakikisha pia simu haiko kwenye ile Wi-Fi ya wageni. Mtandao wa wageni kwenye ruta nyingi umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaokuvusha hapo.

Ikigoma, tazama inagoma vipi. Kukataliwa papo hapo ni tofauti na kungoja nusu dakika ndipo uambiwe muda umekwisha. Ukikataliwa mara moja, simu imeifikia kompyuta lakini kwenye poti ile hakuna anayesikiliza: ama programu haijaanza kurusha, ama umekosea namba ya poti, ama programu inasikiliza maombi ya ndani ya kompyuta peke yake. Motion, inayotumika sana kwenye Linux, huja hivyo: ina mpangilio unaoitwa stream_localhost, na usipouzima, picha haitoki nje ya mashine hata ufanye nini. Ukingojeshwa muda mrefu, shuku anwani isiyo sahihi au faiwoli, yaani mlinzi wa mtandao wa kompyuta, inayomeza maombi kimyakimya. Kwenye Windows usiitegemee sana ishara hii, kwa sababu faiwoli yake ikiwa imewashwa hunyamaza hata pale ambapo poti imefungwa tu.

Jaribio la haraka la faiwoli ni kuizima kwa dakika moja, ukiwa nyumbani, kisha ujaribu tena kutoka kwenye simu. Picha ikija, umempata mkosaji. Iwashe tena, kisha uiruhusu programu yako kwa jina. Angalia pia Windows inauchukulia mtandao wako kuwa wa umma au wa binafsi. Ukiwa wa umma, ruhusa uliyoitoa kwa mtandao wa binafsi haihesabiki, na nimeona hili likiwapotezea watu jioni nzima kwa sababu ukitazama orodha ya ruhusa kila kitu kinaonekana sawa.

Picha ikishaonekana kwenye simu kwa Wi-Fi ya nyumbani, ingia kwenye ruta kwa jambo moja tu: iambie iipe kompyuta hiyo anwani ileile siku zote. La sivyo, kesho kompyuta itaamka ikiwa 192.168.1.31 nawe utaanza upya.

Ukiwa mbali

Njia ya zamani ni kufungua poti kwenye ruta na kuielekeza kwenye kompyuta. Kabla hujahangaika nayo, fanya ulinganisho mmoja. Kwenye ukurasa wa hali wa ruta kuna anwani ya IP ya upande wa intaneti. Isome. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikifanana, ruta yako ina anwani yake ya umma na kufungua poti kunaweza kufaulu. Zikitofautiana, na hasa ile ya kwenye ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, basi mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungua poti zote unazotaka. Ombi la simu yako litaishia kwa mtoa huduma na halitaifikia ruta yako kamwe. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, baada ya anwani za IPv4 kuanza kuwa adimu.

Jingine: usijaribu anwani yako ya umma ukiwa ndani ya Wi-Fi ya nyumbani. Ruta nyingi haziwezi kutoa ombi nje kisha zikalirudisha ndani, kwa hiyo utaona kosa hata kama kila kitu kimekaa sawa. Zima Wi-Fi, tumia data, ndipo ujaribu.

Mimi kufungua poti nimeshaacha, hata pale inapowezekana. Poti iliyo wazi haikungojei wewe peke yako. Kuna mashine zinazopita intaneti nzima usiku na mchana zikigonga kila anwani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilijikusanyia kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu orodha fupi tu ya majina na manenosiri yaleyale ya kiwandani. Kamera inayoonyesha sebule yako haistahili kukaa hapo.

Badala yake weka VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa siri, baina ya simu na kompyuta. Programu ya VPN ya WireGuard ni nzuri kama una anwani ya umma au seva yako nje. Kama huna, nyingine iitwayo Tailscale hupita hata nyuma ya mtoa huduma wa aina ile niliyoitaja: unaisakinisha pande zote mbili, unaingia kwa akaunti moja, na simu inaiona kompyuta kama vile ziko chumba kimoja. Usishtuke ukiona anwani inayoanza na 100. Tailscale inatumia fungu lilelile. Andika anwani hiyo na poti yako, kwa mfano http://100.90.12.7:8081, na picha ije. Isipokuja, hakikisha VPN imewashwa kwenye simu. Simu za Android zenye tabia ya kuua programu ili kubana betri huizima bila kukuambia, kwa hiyo iondolee kizuizi hicho.

Inakuja, lakini inakwamakwama

Sasa fanya hesabu kidogo. Programu nyingi hurusha MJPEG, yaani mfululizo wa picha za JPEG, moja baada ya nyingine. Picha ya 640 kwa 480 ikiwa na kilobaiti 50, na ukirusha 15 kwa sekunde, hizo ni kilobaiti 750 kila sekunde, sawa na megabiti 6 (baiti moja ni biti 8). Laini nyingi za nyumbani zina kasi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia, na picha yako inatoka kwa kupakia. Isitoshe, saa moja ya kutazama hivyo inakula takriban gigabaiti 2.7 za bando. Ukihamia H.264, muundo unaobana video zaidi, kwa kilobiti 600 kwa sekunde, saa hiyohiyo inakula megabaiti 270. Kama programu yako haina ila MJPEG, shusha fremu, yaani idadi ya picha, hadi 5 kwa sekunde na upunguze ubora wa JPEG. Kwa kuangalia mlango au mtoto aliyelala, fremu 5 zinatosha kabisa.

Kuchelewa ni ugonjwa mwingine. Ukitumia HLS, njia mojawapo ya kurusha video, video hukatwa vipande vya sekunde kadhaa na simu hukusanya vichache ndipo ianze kuonyesha, kwa hiyo kubaki nyuma sekunde 15 au 20 ni kawaida yake, si hitilafu. Ukitaka kuona kinachotokea sasa hivi, tafuta programu yenye WebRTC, njia ya kurusha papo kwa papo; programu za go2rtc na MediaMTX zote zinayo. RTSP, njia nyingine ya kurusha, nayo ni ya haraka, ila kivinjari cha simu hakiifungui. Tumia programu ya kuchezea video ya VLC.

Na kama picha inasuasua hata kwenye kompyuta yenyewe, usiulaumu mtandao. Kamera ya 1080p ikitoa picha ghafi, isiyobanwa, kwa fremu 30 kwa sekunde inahitaji karibu gigabiti 1 kwa sekunde, wakati USB 2.0 ina megabiti 480, kwa hiyo hujishusha yenyewe hadi fremu 5 hivi. Badilisha muundo wa kunasa uwe MJPEG, hata kama unarusha kwa H.264. Chumba kikiwa na giza pia kamera hupunguza fremu ili ipate mwanga wa kutosha. Washa taa uone.

Ukisharidhika, zima usingizi wa kompyuta, zima ule mpangilio wa kuzima USB ili kuokoa umeme, na iweke programu ianze yenyewe kompyuta inapowaka. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) za kompyuta nyingi za mezani kuna pia chaguo la kujiwasha umeme ukirudi. Lichague kabla hujasafiri, kisha chomoa waya wa umeme ukutani, urudishe, na uangalie simu yako kama picha itarudi bila wewe kugusa kitu.