Fundi, ngozi si kitenge

Jumapili baada ya ibada nilitupia picha ya koti langu la ngozi ya kulungu kwenye status. Sijafika hata kwenye gari, ujumbe umeingia kutoka kwa ndugu mmoja aliyeko Boise, hapa hapa Marekani: "Fundi, na mimi nimepewa ngozi nne za kulungu. Nianzie wapi?" Nilicheka, maana mimi nilianzia pabaya.

Cherehani nilijifunzia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Sare za shule, suti, magauni ya harusi, vyote vimepita mikononi mwangu. Kwa hiyo nilipofika hapa Missoula, Montana, na mzee jirani yangu akaniletea ngozi sita (kulungu wa huku dume ana pembe zenye matawi, kila mwaka zinadondoka na kuota upya), nikajiambia hii kazi ya wikendi. Zilikuwa zimeshatengenezwa kwa njia ya zamani: zimekwanguliwa manyoya pamoja na lile tabaka la juu, zikapakwa ubongo wa mnyama, zikavutwa na kuvutwa mpaka zikauka, kisha zikafukizwa moshi wa mti uliooza. Moshi huo ndio unaofanya ngozi ikilowa isikauke ikawa ngumu kama ya ngoma. Mpaka leo ukininusa begani unasikia jiko la kuni la mama yangu.

Zilikuwa laini kama flana, na ulaini huo ndio ulioniponza. Nikakunja ngozi, nikaweka patani (ile karatasi ya kukatia), nikabana kwa pini, nikakata mikono yote miwili kwa mkupuo, kama kitenge. Mkono mmoja ukaangukia mgongoni mwa mnyama, mwingine tumboni. Sasa tumbo la kulungu huvutika kama unga wa chapati! Wiki mbili za kuvaa, mkono wa kulia ukanifika kwenye vidole. Na matundu ya pini hayakujifunga, yakabaki yamejipanga kifuani kama vipele.

Nililivaa kanisani hivyo hivyo. Kaka mmoja, simtaji, akaniuliza mbele ya watu kama siku hizi nimekuwa mganga. Nilicheka pamoja nao. Nyumbani nikalisukumia chini ya kitanda, likakaa huko miezi minane.

Mzee jirani ndiye aliyenipeleka kwa bibi mmoja Msalish, kabila la wenyeji wa asili wa huku, kule kwenye ardhi yao ya Flathead, kaskazini mwa mji wetu. Watu wake walihamishwa kwa nguvu kutoka bonde la Bitterroot mwaka 1891. Nilipomwambia nimekulia kambini hakuuliza zaidi, alinisogezea kiti. Hakugusa sindano siku ile. Alishika ngozi akaivuta kwa upana, akaivuta kwa urefu, akanipa nami nivute. Ngozi zote, moja baada ya nyingine. Kisha akazigawa: nene za mgongo na mabega, nyembamba za mikono. Akanionyesha na ule ukanda wa ngozi unaowekwa katikati ya mshono ili uzi usisagike. Ukiuacha mpana ukauchanachana, ndiyo yale matamvua. Miaka yote nilidhani ni urembo tu! Kumbe na maji ya mvua hudondokea humo.

Basi ndugu yangu wa Boise: mstari wa uti wa mgongo wa mnyama uwe wima, kila kipande. Kata ngozi moja moja, halafu geuza patani kwa upande wa pili. Pini sahau, tumia vibanio. Sindano iwe ya ngozi, yenye ncha ya pembe tatu, na uzi wa kitani uliopakwa nta. Ngozi nne kwa koti lenye matamvua ni chache, tafuta ya tano. Na uti wa mgongo uwe wima. Nimeshasema? Nasema tena.

Tena tuambiane ukweli, mafundi wenzangu. Tukishajua kushona suti tunaona hakuna wa kutufundisha. Tunakwenda mbio, tunaona aibu kuuliza, tunamdharau bibi aliyekaa kimya na ngozi mapajani. Mimi nilifanya hivyo na nikalipa ngozi sita. Vuta kwanza kwa mikono yako, kata baadaye.

Koti la pili lilinichukua majira yote ya baridi, kushona kwa mkono tu, bila cherehani. Mikono iko sawa, nimeipima mara tatu. Yule kaka wa mganga naye ameona picha. Jana usiku kanitumia ujumbe: bei gani, na linaweza kuwa tayari lini? Nimemjibu msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa mwishoni mwa Oktoba, ngozi alete mwenyewe.