Kikokotoo cha Mume Wako Hakikukosea

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa miaka 14 na tuna watoto watatu. Mwaka jana nilimshawishi mume wangu twende wiki moja katika hoteli ya mapumziko ya familia, ile ya kulipia kila kitu kwa pamoja: chumba, milo mitatu, vinywaji, bwawa la kuogelea na michezo ya watoto. Mkubwa alikuwa na miaka 11, wa pili 6, mdogo 2. Kwangu mimi ilikuwa thamani halisi ya fedha, maana ukishalipa huna habari ya kutoa pochi tena. Siku tatu tulitoka kwenda matembezi ya boti na ya kutazama wanyama, na watoto walifurahi sana. Mume wangu yeye alishinda na kikokotoo, na siku ya kuondoka akatuaibisha mapokezi kwa sababu ya hesabu ndogo ya ziada. Mwaka huu amekataa. Anataka tukodi nyumba ndogo yenye jiko, karibu na maji, kwa theluthi moja ya gharama, na mama mkwe anamuunga mkono, ati watoto wanataka maji na mchanga, hawataki bangili ya plastiki anayovishwa mgeni wa hoteli aliyelipia kila kitu. Wifi yangu na familia yake wanakwenda, na picha zao za mwaka jana watu wanazizungumzia hadi leo. Nimechoka kuishi na bahili. Nimfanyeje aelewe? Malipo ya awali nimekwisha kuyatoa katika akiba yetu, ila hilo bado hajalijua. — Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa uchovu, kwa kuwa uchovu ndicho kitu cha kweli kuliko vyote katika barua yako. Pole nyingine sina. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na wewe mwiba wako umeuweka katika sentensi ya mwisho kabisa, pale ambapo watu huweka mambo wanayotumaini kwamba msomaji atakuwa amechoka asiyaone. Umenieleza kwa kirefu ubahili wa mume, kisha mkiani ukaniambia kwamba fedha za nyumba zimetoka bila mwenye nyumba mwenzako kujua. Hilo tutalirudia. Kwanza tulijibu swali lenyewe, kama hoteli hizi zinastahili fedha zinazotoza, kwa sababu jibu limo ndani ya barua yako na wewe umelipita.

Unasema kwamba ukishalipa huna habari ya kutoa pochi. Mistari michache baadaye mko mapokezi, mabegi yako sakafuni, mnabishana juu ya "hesabu ndogo ya ziada". Basi pochi ilitoka. Tena katika siku saba mlizolipia, siku tatu mlishinda nje, na sidhani kwamba mlishinda na njaa. Hebu tuhesabu kwa vidole, bila kikokotoo kinachokuudhi: siku tatu, watu wanne wanaokula sahani nzima, ukimwacha mdogo anayedokoa katika sahani yako. Hizo ni sahani 12 za mchana mlizozilipia hotelini mkaziacha, kisha mkanunua 12 nyingine huko mlikokwenda. Boti nayo ilikuwa na nauli yake, kwa maana matembezi ya nje kwa kawaida hayamo katika kifurushi. Mumeo aliyaona hayo yakipita mbele ya macho yake siku baada ya siku, nawe ulitaka atabasamu kwa ajili ya picha.

Hoteli ya namna hii haikufanyii hila, na ni vizuri ujue inavyopiga hesabu zake. Inapanga bei kwa wastani wa wageni wote: yuko mgeni atakayekula mara tano na kunywa tangu asubuhi, na yuko atakayeamka mapema aende kutazama wanyama. Yule wa pili ndiye anayemlipia yule wa kwanza. Wiki ile wewe ulikuwa wa pili, lakini ukarudi nyumbani ukisimulia kana kwamba ulikuwa wa kwanza. Wala si wewe peke yako. Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha utafiti juu ya wanachama wa kumbi za mazoezi nchini Marekani, wakaonyesha kwamba waliojiandikisha kwa ada ya mwezi walihudhuria mara chache hata kila ziara ikawagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua tiketi za mara kumi wakalipa dola 10 kwa ziara moja. Mwanadamu yuko radhi kulipa zaidi kwa mkupuo ili asipate maumivu ya kulipa kidogo kidogo. Na wenye hoteli wanalijua hilo tangu zamani. Gérard Blitz alianzisha Club Med, kampuni ya vijiji vya likizo, mwaka 1950 kwa mahema ya ufukweni huko Alcúdia, kisiwani Mallorca, na baadaye katika vijiji vya kampuni hiyo wageni wakawa wanalipia vinywaji kwa shanga za plastiki badala ya sarafu. Anayetoa ushanga haumii kama anayetoa noti, na anayenyoosha mkono wenye bangili haumii kabisa, mpaka siku ya kuondoka.

Sasa tumgeukie mtoto wako mdogo, ambaye umemtaja mara moja tu, kwa umri wake, ukamwacha hapo. Nimejiuliza alikuwa wapi wiki nzima. Klabu za watoto katika hoteli nyingi huanza kupokea watoto wa miaka mitatu au minne, na wako alikuwa na miaka miwili. Maana yake ni kwamba wale wakubwa wawili walipokwenda kupakwa rangi usoni na kucheza michezo, wewe ulikuwa umesimama katika kina kifupi cha bwawa, maji yakikufika magotini, gauni limelowa upindo, mkono mmoja umeshika boya la mtoto na mwingine umeshika biskuti iliyoloana. Viti vya kulalia vilikuwa vimekwisha kukamatwa kwa taulo tangu alfajiri na watu wasio na mtoto wa miaka miwili. Huduma uliyoilipia zaidi kuliko zote, yaani watoto kulelewa na mtu mwingine kwa saa chache, ndiyo ambayo hukuipata. Nadhani ndiyo sababu barua yako inasema watoto walifurahi na haisemi popote kwamba wewe ulipumzika.

Mkubwa naye amekua. Mwaka jana alikuwa na miaka 11, na mwaka huu ana 12 au anaikaribia. Hoteli nyingi humhesabu mtu kuwa mtoto kabla ya kutimiza miaka 12, na siku anapotimiza hulipa kama baba yake, na wakati mwingine mnaambiwa kwamba chumba kimoja hakiwatoshi tena. Je, bei uliyoonyeshwa ulipotoa malipo ya awali ilikuwa ya watoto watatu au ya watu wazima watatu na watoto wawili? Kama hukuuliza, mumeo atauliza.

Umemwita bahili. Bahili ni mtu anayekataa likizo, na huyu amekataa hoteli tu, tena akaja na pendekezo mkononi, lenye mahali, maji na bei. Mali bila daftari hupotea bila habari, nawe umepata mume mwenye daftari ukalifanya daftari kuwa kosa. Kama unataka kipimo kisicho cha kwake wala cha kwangu, kipo cha mtu aliyekuwa mfanyabiashara wa likizo hizi hizi. Billy Butlin alipofungua kambi yake ya likizo mjini Skegness, Uingereza, mwaka 1936, alizinadi kambi zake kwa ahadi iliyoeleweka na kila mfanyakazi: likizo ya wiki moja kwa mshahara wa wiki moja. Chukua jumla yote ya mwaka jana, pamoja na nauli, matembezi na ile aibu ya mapokezi, uigawe kwa pato la nyumba yenu la wiki moja. Mkipata mbili au tatu, bado ni jambo ambalo familia inaweza kulipangia mwaka mzima bila kulala na njaa. Mkipata saba au nane, basi mnafanya kazi karibu miezi miwili ili mkae siku saba, na mwanamume anayetoa kikokotoo katika hali hiyo anafanya kazi yake.

Mama mkwe wako pia namuunga mkono, ingawa najua utakunja uso. Amesema watoto wanataka maji na mchanga, na hilo ndilo neno la busara kuliko yote yaliyomo katika barua yako. Mtoto wa miaka sita hajui nyota za hoteli. Anajua kama bwawa lipo na kama baba yake ataingia ndani yake.

Hata hivyo, pako mahali ambapo nasimama upande wako, na umshike mumeo hapo hapo. Nyumba yenye jiko ni rahisi kwa sababu kuna mtu anayepika bila malipo. Katika hesabu yake ya theluthi moja ameandika kodi, nauli na vyakula, lakini sidhani kama ameandika nani ataamka kuwasha jiko, nani ataosha sufuria, na nani atafagia mchanga kabla ya kurudisha funguo. Kama ni wewe, basi ataondoka na kupumzika yeye, na wewe utakuwa umebadilisha jiko tu. Hilo ndilo ulilotaka kuniambia, nafikiri, lakini ukaona ni rahisi zaidi kusema "bahili" kuliko kusema "nimechoka kupika". Mwambie kwa maneno hayo hayo. Kubalini nyumba, kisha igaweni kazi yake kabla ya kufunga mabegi: siku fulani anapika yeye na yule wa miaka 12, siku fulani mnakula nje, na asubuhi mbili anaondoka na watoto wote watatu ili ulale. Hata mkinunua chakula cha nje siku mbili au tatu, kwa tofauti aliyokutajia bado mtakuwa mmeokoa fedha nyingi.

Sisemi kwamba hoteli hizi ni upotevu kwa kila mtu. Familia ambayo haitoki nje ya lango, yenye watoto waliokwisha kufikia umri wa klabu na hawajafikia umri wa kulipa kama wakubwa, inayoweza kusafiri nje ya likizo za shule, hiyo inaweza kupata faida kubwa, na mzazi akarudi nyumbani na uso mwingine. Likizo za shule ndipo bei zinapopanda, kwa kuwa wenye hoteli wanajua kwamba huna siku nyingine. Kwako wewe, subiri mdogo afike minne. Na siku hiyo ikifika, uliza kabla ya kulipa: bei hii ni ya kila mtu au ya chumba, vinywaji gani havimo, klabu iko wazi saa ngapi, na kuna tozo yoyote inayolipwa hapo hapo hotelini. Tozo za namna hii zilizoea kufichwa hata Marekani, mpaka kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara iliyoanza kutumika Mei 2025 ikazilazimu hoteli kuonyesha bei kamili tangu mwanzo.

Ndoa za siku hizi, mwanangu, zimepata mgeni wa kudumu ambaye ni simu. Zamani mtu alirudi safari akasimulia, na masimulizi yalichujwa na ndugu waliomjua. Leo picha inafika kabla ya mabegi, imekatwa pembeni, haina mtoto anayelia wala risiti, na mke wa mtu anaitazama usiku jikoni akaona kwamba amenyimwa maisha. Picha za wifi yako umezikumbuka vizuri kuliko wiki yako mwenyewe. Hukuniambia kama na yeye alipumzika, kama waligombana mapokezi, wala kama wanalipa kwa mkopo. Mnakwenda mbali, mnalipa sana, kisha mnagombana mkiwa mmevaa nguo nzuri zaidi. Naona barua nyingi za namna hii, na karibu zote zina picha za mtu mwingine ndani yake.

Sasa turudi kwenye malipo ya awali. Usimwombe Shangazi akufundishe namna ya kumfanya aelewe, ilhali umekwisha kuamua kwa niaba yake. Fungua masharti uliyoyakubali bila kuyasoma, utafute sehemu ya kughairi na kurejeshewa fedha. Mara nyingi masharti hayo hupangwa kwa ngazi: kadiri siku ya kufika inavyokaribia ndivyo kiasi unachorudishiwa kinavyopungua, hadi kinakuwa sifuri. Kila siku unayokaa kimya inaweza kuwa na bei yake. Kama fedha hazirudi, uliza kama wanakubali kusogeza tarehe hadi nje ya msimu, au mwaka ambao mdogo atapokelewa klabu. Kisha leo usiku, watoto wakilala, itoe risiti huko ulikoificha, umwekee mumeo mezani, na kikokotoo chake umletee wewe mwenyewe.