Barua kwa Mwanangu Kuhusu Lincoln ya Yule Mzee

Tanga

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa juzi nimeupata, na zile picha nne nimezitazama zaidi ya mara moja. Unaniuliza kama ni busara kulinunua gari la Lincoln Town Car la mwaka 2003 ambalo jirani yenu mzee hapo Michigan anataka kuliuza kwa kuwa macho yake hayamruhusu tena kuendesha. Unaniuliza pia, kwa utani wako ninaoujua, ni kitu gani kilichomfanya baba yako ashike usukani wa magari ya aina hiyo kwa miaka 17, ilhali wenzake waliopata vijisenti walihamia kwenye Mercedes. Kwangu maswali hayo mawili ni swali moja, ila unistahimilie kidogo, kwa sababu siwezi kukueleza thamani ya gari hilo pasipo kukueleza lilikotoka.

Aliyeianzisha Lincoln ni Henry Leland, fundi wa vyuma aliyezaliwa Vermont mwaka 1843 na kuifunza mikono yake kazi katika viwanda vya silaha, ambako kipimo kikikosewa kwa unene wa unywele kazi nzima hutupwa. Kabla ya Lincoln, mzee huyo alikuwa ameianzisha Cadillac mwaka 1902, kutokana na mabaki ya kampuni ambayo Henry Ford aliiacha baada ya kukosana na wenye mtaji. Mwaka 1908 magari yake matatu yalifunguliwa vipande vipande huko Brooklands, Uingereza, vipande vikachanganywa, kisha yakaundwa upya na kuendeshwa maili 500 bila taabu, jambo ambalo watu wa wakati ule hawakudhani linawezekana, maana gari lilizoea kuwa na vyuma vyake lenyewe vilivyopigwa tupa mpaka vikaingiliana. Kwa hiyo ukiwasikia Wamarekani wakibishana kuhusu Cadillac na Lincoln, fahamu kwamba wanabishana kuhusu ndugu wa baba mmoja.

Mwaka 1917, akiwa amepita miaka 70, Leland aliondoka Cadillac, iliyokuwa tayari mikononi mwa General Motors, ili atengeneze injini za ndege zilizoitwa Liberty kwa ajili ya vita. Kampuni yake mpya aliipa jina la Abraham Lincoln, rais aliyempigia kura yake ya kwanza mwaka 1864. Vita vilipokwisha alibaki na kiwanda kikubwa na mafundi wengi wasio na kazi, akageukia magari, na la kwanza likatoka mwaka 1920. Injini yake ilisifiwa na kila aliyeijua, lakini umbo lake lilikuwa la kizee, uchumi nao ukadorora, na Februari 1922 kampuni ikanunuliwa mnadani na Henry Ford kwa dola milioni 8. Leland na mwanawe Wilfred walidhani wataachiwa waiendeshe kama zamani. Haikutimia hata nusu mwaka, wote wawili walikuwa wameshatolewa. Wapo wanaosema Ford alikuwa akilipiza kisasi cha mwaka 1902. Mimi sijui yaliyokuwa moyoni mwake, ila nimewahi kufanya kazi chini ya tajiri aliyenunua biashara ya mwenzake, na najua kwamba nyumba moja haikaliki na wenye nyumba wawili.

Ford mwenyewe hakuwa mtu wa anasa. Aliyekuwa na jicho la uzuri ni Edsel, mwanawe wa pekee, na Lincoln ndiyo iliyokuwa shamba lake la kulima apendavyo. Ilipotoka Lincoln Zephyr ya mwaka 1936, yenye umbo la kuteleza na injini ya silinda 12, kampuni ilipata gari ambalo watu wengi zaidi wangeweza kulinunua, ingawa injini ile ilikuwa na tabia ya kuchemka na kula oili, na mafundi wengi baadaye waliing'oa wakatia nyingine. Kisha mwaka 1939 Edsel alimwomba mchoraji wake, Gregorie, amtengenezee gari moja la kupumzikia huko Florida. Gregorie aliichukua ramani ya Zephyr, akaishusha na kuirefusha boneti, na tairi la akiba likawekwa wima nyuma ya buti. Marafiki wa Edsel walipoliona walianza kuulizia yao, na hivyo ndivyo ilivyozaliwa Continental. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright alikuwa nayo, akaipaka ile rangi yake nyekundu ya udongo. Edsel alifariki mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 49, akimwacha baba yake hai. Nasikitika kila ninapofika hapo katika habari hii, kwa sababu mimi pia ni baba.

Miaka iliyofuata sitaikawiza. Mwaka 1956 walitoa Continental Mark II iliyouzwa kwa takriban dola 10,000, wakati ambapo Ford ya kawaida ilipatikana kwa dola 2,000 hivi, na bado kampuni ilipata hasara kwa kila moja. Mwaka 1958 wakatoa magari makubwa ya kuchekesha, yenye urefu wa karibu mita 5.8, ambayo wateja waliyakimbia. Hasara ikawa kubwa kiasi kwamba Robert McNamara, aliyekuwa mkuu katika Ford na asiyependa kuona fedha zikipotea, alitaka Lincoln ifungwe kabisa. Kilichoiokoa ni mfano wa udongo aliouona katika karakana ya wachoraji, uliochongwa na Elwood Engel kwa ajili ya gari jingine la Ford, Thunderbird. McNamara aliuliza kama umbo lile lingeweza kuongezwa milango miwili na kuwa Lincoln.

Gari lililotokana na swali hilo ndilo Continental la mwaka 1961, na kama utanilazimisha nikutajie Lincoln moja iliyo nzuri kuliko zote, nitakutajia hiyo bila kufikiri. Lilikuwa fupi kuliko lililotangulia kwa takriban sentimita 40, ubavu wake umenyooka bila mapambo ya vyuma waliyoyapenda Wamarekani wa siku zile, na milango yake ya nyuma ilikuwa na bawaba upande wa nyuma, hivi kwamba milango miwili ya ubavu mmoja ilifunguka kama ya kabati na abiria akaingia bila kujikunja. Kila injini iliwashwa na kupimwa kwa saa tatu kabla ya kufungwa, na kila gari liliendeshwa barabarani kwa maili 12 kabla ya kukabidhiwa. Mnunuzi alipewa dhamana ya miezi 24 au maili 24,000, jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule. McNamara hakukaa kuyafaidi mafanikio hayo, kwani Januari 1961 alikuwa ameshakwenda Washington kuwa waziri wa ulinzi wa Rais Kennedy.

Na Kennedy unamkumbuka, maana uliushika mkono wangu siku tulipolitazama gari lake katika jumba la makumbusho la Dearborn. Ni Continental hiyohiyo ya mwaka 1961, iliyokatwa na kurefushwa Cincinnati, na ndimo alimouawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Ulikuwa na miaka tisa, ukaniuliza kwa nini hawakulichoma. Nilikuambia kwamba baada ya siku ile lilifungwa vyuma na vioo vya kuzuia risasi, likapewa paa lisiloondoka, na likaendelea kuwabeba marais hadi mwaka 1977. Hukuridhika na jibu hilo, na kusema kweli hata mimi sijaridhika nalo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye Town Car, maana hapo ndipo nilipokula chumvi yangu. Jina hilo lilijitegemea kuanzia mwaka 1981, na toleo la mwisho lilitoka kiwandani St. Thomas, Ontario, Agosti 2011. Nilianza kuliendesha mwaka 1994, nikiwachukua abiria wa uwanja wa ndege wa Detroit, kwanza kwa gari la tajiri ambaye jina lake halina faida kwako, kisha kwa gari langu mwenyewe. Magari mengi ya siku zile yalikuwa yameshaunganishwa bodi na chesisi kuwa kitu kimoja. Hili lilibaki na bodi iliyokalishwa juu ya fremu, kama lori, likiwa na injini ya V8 ya lita 4.6 na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Waandishi wa magazeti ya magari walilicheka kwa sababu hiyo. Wao walikuwa wakilipima kwa kona za milimani, nami nililipima kwa mashimo ya Michigan mwezi Machi, theluji inapoyeyuka na lami kubomoka, na abiria wangu alikuwa amelala kiti cha nyuma akiwa na tai shingoni na kinywa wazi. Huyo aliyelala ndiye aliyenilipa, nami sikuona sababu ya kuwasikiliza wengine.

Kuna jambo ambalo wasiowahi kuliendesha hawalijui. Nyuma halikuwa na springi za kawaida, bali vifuko viwili vya mpira vilivyojazwa upepo na kompresa ndogo. Wakipanda watu watatu wenye masanduku manne, mkia ulishuka, kisha baada ya muda mfupi ukainuka wenyewe mpaka gari likasawazika. Buti lilimeza masanduku ambayo leo yanahitaji gari mbili. Mafuta lilikula, sitakuficha, lita 13 au 14 kwa kilomita 100 za mjini. Na wakati wa theluji nilibeba mifuko miwili ya mchanga nyuma, maana bila uzito magurudumu yalizunguka pale pale. Gari langu la pili niliachana nalo likiwa na maili 310,000, injini ikiwa haijafunguliwa, na siri yake haikuwa nyingine ila oili safi kwa wakati wake.

Mwaka 1998 Lincoln iliuza Marekani magari mengi kuliko Cadillac kwa mara ya kwanza, na madereva tuliifurahia habari hiyo kama ushindi wa timu ya mpira. Kichekesho ni kwamba Cadillac ilikuwa imetangaza kwanza kuwa yenyewe ndiyo iliyoshinda kwa magari yasiyofika 300, kisha Mei 1999 ikakiri kwamba hesabu zake zilikuwa na kasoro na ushindi ni wa Lincoln. Lakini sherehe hiyo haikudumu. Wateja wa Town Car walikuwa wazee na makampuni ya kukodisha, vijana walikwenda kwa Wajerumani na Wajapani, na kampuni ikayapa magari yake majina ya herufi yasiyokaa kichwani: MKZ, MKX, MKS, MKT. Mengi yalikuwa magari ya Ford yaliyovishwa kanzu ya sikukuu, na mnunuzi wa anasa huitambua kanzu ya kuazima. Tangu mwaka 2020 hawatengenezi tena magari ya saluni, yale ya chini yenye buti la nyuma, kwa soko la Marekani. Navigator na wenzake, yale magari yao makubwa ya juu, wanaweza kuwa magari mazuri, ila sina la kukuambia juu yao kwa sababu sijayafanyia kazi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba lile gari lina heri, tena mwaka wake ni mzuri. Kwa toleo la 2003 waliibadilisha fremu na mfumo wa usukani, likashika barabara kuliko langu. Magari ya mwisho wa miaka ya tisini hadi 2001 yalikuwa na bomba la kugawa hewa juu ya injini lililotengenezwa kwa plastiki, ambalo lilipasuka na kumwaga maji ya kupozea, mpaka wamiliki wakaishtaki kampuni na shauri likamalizwa kwa mapatano. La 2003 limeepukana na hilo.

Nembo isikuzuzue, wala kapeti safi za mzee wa watu. Mwombe akuruhusu ulipeleke kwa fundi mwenye lifti, umwambie aitazame fremu na mabomba ya breki kwa chini, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani kila majira ya baridi hula vyuma kimyakimya, na fremu iliyooza haitengenezeki kwa gharama yenye maana. Mzee akisema ameliweka gerejini miaka yote, mwamini, lakini tazama hata hivyo. Na vile vifuko vya upepo huchakaa kwa umri kama tairi. Mwenzangu mmoja aliuziwa kompresa mpya mara mbili na gereji ambayo sitaitaja, kumbe kifuko ndicho kilichokuwa kikivuja, na kompresa ilikuwa ikiungua kwa kufanya kazi bila kupumzika.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Nenda jioni, mwombe mzee aliegeshe mahali palipo sawa na alizime, kisha upime kwa vidole nafasi iliyopo kati ya tairi la nyuma na ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Rudi asubuhi kabla halijawashwa, upime tena. Ukikuta limekaa vilevile, nipigie simu kabla hujatoa hata senti, maana hapo tutaanza kuzungumza bei.

Mama yako anakusalimu na kuuliza kama koti la baridi lilifika.

Baba yako